Kura za Goziba

Jumatatu, 6 Aprili 1959. Nshamba.

Nimeamua. Nagombea udiwani! Kura ni Jumamosi ya wiki ijayo, hapa hapa kiwanja cha gombolola, ofisi ya tarafa yetu, na hakuna karatasi. Kila mgombea ataketi kwenye kiti, watu watapanga mstari nyuma yake, karani wa Bwana Shauri atahesabu vichwa. Mwenye mstari mrefu ndiye diwani wa Nshamba na visiwa vyake.

Mimi, Mutalemwa, mnunuzi wa kahawa, mwimba besi wa kanisa la Kilutheri, nimeketi kwenye viti vingi maishani. Cha baraza bado.

Tatizo ni chama. Mwaka juzi nilijiunga na Umoja wa Utaratibu kwa sababu ulikuwa na gari. Lilikuja na kipaza sauti, watoto wakalikimbilia, mimi nikapewa kofia. Sasa gari halionekani tena, na nusu ya Nshamba ina kadi za TANU. Mimi pia ninayo! Kadi ya Umoja mfuko wa kushoto, ya TANU mfuko wa kulia. Hatari ni pale ninapotoa leso.

Leo nilimwendea Hamidi, fundi cherehani, mwenyekiti wa TANU hapa kwetu. Nikamweleza kwa upole kwamba mtu aliyefika darasa la sita anafaa zaidi kusimama kwa niaba ya chama chake. Alikuwa amefunga, midomo imemkauka, lakini alicheka hadi akajichoma sindano. Akasema wanachama wameshamchagua yeye, ila nakaribishwa kuja kupiga makofi. Makofi! Huyu ndiye aliyenishonea koti lenye mkono mmoja mfupi. Nilidhani ni bahati mbaya. Kumbe siasa.

Basi nasimama kwa Umoja. Ndani ya chama hakujitokeza mwingine, kwa hiyo nimepita bila kupingwa.

Nilimwuliza mke wangu, Kokuberwa, atasimama nyuma ya nani siku hiyo. Akasema anamenya ndizi.

Jumatano, 8 Aprili.

Nimepata! Goziba! Kisiwa kimejaa wavuvi waliotoka kila upande, na hakuna mgombea aliyekanyaga huko, maana Hamidi hutapika akiona maji tu. Nikiwapata wale, mstari wangu utafika sokoni.

Lakini ahadi ya mvuvi huisha akishapanda mtumbwi. Kwa hiyo nina mpango ndani ya mpango: omukago. Nitachanjana na mkubwa wao. Tunda moja la kahawa lina punje mbili. Damu yangu kwenye punje yake, damu yake kwenye yangu, tunameza, ni ndugu mpaka mwisho. Hawezi kuninyima kitu, nami siwezi kumnyima. Anayevunja, tumbo humvimba. Mchungaji ameukataza, lakini mchungaji hagombei.

Kokuberwa anasema omukago haufanywi mbio mbio. Mnaulizana ukoo kwanza. Unafika kwao, unaona nyumba, unaona makaburi ya wazee wake, na mashahidi wawepo. Amenikumbusha kwamba marehemu baba alichunguza mwaka mzima kabla ya kuchanjana na mtu wa Kamachumu. Nikamjibu kwamba baba hakuwa na uchaguzi Jumamosi ya wiki ijayo.

Alhamisi, 9 Aprili. Goziba.

Nimefika nikiwa hai. Ukungu tangu asubuhi, hata pua ya mtumbwi haikuonekana. Wavuvi hawakunijali. Nilihutubia juu ya utaratibu, nao wakaendelea kushona nyavu. Mmoja akaniomba nisogee, nimekanyaga wavu wake.

Ndipo nikamwona mtu peke yake kwenye mawe, mbali na moto wa wenzake. Nguo zimelowa chapachapa, wala hatetemeki. Nikamsalimia kwa Kihaya, akaitikia. Jina lake Ishengoma, kwao Ijuganyondo, kule Bukoba. Nikamwuliza kama ana watu. Akasema anao wengi, wa mtumbwi wake na wa mitumbwi mingine, hawana kazi, wakiitwa watakuja. Je, wana chama? Akasema huko waliko hakuna aliyewahi kwenda kuwaandikisha.

Moyo uliniruka! Nikatoa tunda la kahawa mfukoni. Ukoo sikuuliza, tutajuana mbele. Shahidi hakuwepo, na kwa ajili ya mchungaji nikaona afadhali. Nikajichanja karibu na kitovu, naye akajichanja. Damu yake nyepesi, hata rangi haina. Nikasema moyoni ndiyo shida ya kula samaki kila siku bila ndizi. Punje ilikuwa baridi ulimini. Nikameza.

Sharti lake dogo sana. Yeye na watu wake watasimama nyuma yangu. Mimi nitampa mahali pa kulala katika kibanja changu, kwenye migomba yetu ya nyumbani. Amechoka, hajalala tangu mwaka jana. Nikamwambia ndugu yangu, kibanja ni chako! Mahali pa kulala tu! Mwingine angedai ng'ombe.

Niliporudi kwenye moto wavuvi walinyamaza. Mzee mmoja akaniuliza nilikuwa nikizungumza na nani kule kwenye mawe. Hawakunipa samaki. Wivu.

Ijumaa, 10 Aprili. Nshamba.

Idi. Nimerudi alasiri, mji wote unanukia pilau. Hamidi amechinja mbuzi, amewaalika hata Walutheri. Nilikula sahani mbili ili kumpunguzia kura.

Nyumbani nilimkuta Kokuberwa amesimama nje, hataki kuingia. Akasema ndugu yangu wa omukago amekuja. Alikuja saa sita mchana, jua likiwaka, akitokea nyuma ya migomba. Aliketi kwenye kiti changu. Alipewa ndizi na maharage, hakula, aliweka tu mikono juu ya mvuke. Kisha alitembea kibanjani taratibu, akitazama chini, mpaka kwenye kaburi la baba. Akauliza kama pale kando yake pana mtu.

Nimekigusa kiti changu. Kimelowa hadi miguuni, na mvua haijanyesha wiki nzima.

Saa sita mchana mimi nilikuwa bado ziwani, na hatukupitwa na mtumbwi wowote. Nimefikiri sana. Jibu ni moja tu: ana injini. Nimempata mtu wa maana!

Jumapili, 12 Aprili.

Tumbo linauma. Nasingizia pilau.

Kanisani benchi upande wangu wa kushoto lilikuwa limelowa, na paa halivuji. Tulipoanza wimbo wa pili, nyuma ya sikio langu mtu akaimba besi. Chini kuliko mimi, kama mtu mwenye maji kooni. Nilijizuia kugeuka. Kusema kweli tuliimba vizuri. Mama mmoja wa sauti ya kwanza akafunga kitabu akatoka nje.

Ishengoma huja kila mchana nisipokuwepo. Jana amemwuliza Kokuberwa mahali pake patakuwa tayari lini. Akamwonyesha anapopataka: ubavuni mwa baba! Nimemwagiza Kokuberwa amjibu kwamba kura kwanza. Kama ana haraka, stoo ya kahawa ipo, na mkeka upo. Kokuberwa akasema mtu yule hatafuti mkeka. Nikamwuliza basi anatafuta nini. Akanitazama, machozi yakimlengalenga, akarudi jikoni.

Naogopa kidogo. Lakini leo nimeona watu dukani kwa Hamidi wakisubiri kadi, wamejaa hadi barabarani. Huu si wakati wa kuogopa.

Jumanne, 14 Aprili. Bukoba.

Nimekuja mjini kuomba gari la chama, lije Jumamosi na kipaza sauti chake. Gari lipo! Liko nyuma ya ofisi, juu ya matofali, halina magurudumu, na kuku ametaga kwenye kiti cha dereva. Ofisi imefungwa. Katibu nilimkuta mkahawani anakunywa chai. Akaniambia kwa siri kwamba Umoja haujafa, umepumzika. Alipotoa leso, kadi ya TANU ikaanguka sakafuni. Tukatazamana. Nikamwokotea.

Nikaona nipite Ijuganyondo kuona kwa ndugu yangu, walau watu wasiseme sikufika. Kila niliyemwuliza njia alinyoosha mkono bila kusema neno. Nikapokewa na mama yake, Joviana. Akaniletea kahawa ya kutafuna. Nikajitambulisha kwa heshima: ndugu wa omukago wa mwanao, waitu. Akauliza tulichanjana lini. Nikasema Alhamisi.

Aliketi chini, pale pale mlangoni. Mwanawe alizama mwaka jana, ng'ambo ya Goziba, mtumbwi mzima na watu wake. Hakuonekana hata mmoja. Na hata kama angetaka kumzika hivyo hivyo bila mwili, kibanja si chao. Mwenye ardhi amewaruhusu kulima, hataki makaburi yao.

Nilitaka kukimbia. Akaniuliza kwa sauti ndogo kama mwanawe alikuwa akisikia baridi. Nikamdanganya, nikasema hapana. Akauliza kama anakula. Nikasema mke wangu humpa ndizi na maharage, za moto. Akanishika mkono kwa mikono yake miwili, akalia, akanishukuru. Sijawahi kushukuriwa hivyo na mtu yeyote. Iliniuma. Nikaahidi kwamba mahali patapatikana.

Ndani ya basi nilitetemeka hadi Muleba. Ndugu yangu ni maiti! Nimemeza damu ya maiti! Baada ya Muleba nikaanza kutulia, nikafikiri kama kiongozi. Mtumbwi mzima, mama amesema. Na mitumbwi mingine, alisema mwenyewe. Ziwa hili limekula watu tangu enzi za babu zetu. Na hakuna hata mmoja wao mwenye kadi ya TANU!

Atazikwa, lakini baada ya kura. Nikimpa mahali leo atalala. Jumamosi nani ataniletea watu?

Jumamosi, 18 Aprili. Kura!



Asubuhi ukungu ulipanda kutoka ziwani hadi Nshamba, jambo ambalo wazee wenyewe walilishangaa. Viti viwili kiwanjani, cha Hamidi na changu. Karani akapuliza filimbi. Watu wakakimbilia kwa Hamidi wakiimba, mstari ukapita maduka, ukakata kona. Kokuberwa nilimwona humo humo! Nyuma yangu kimya.

Kisha shingo ikaniingia baridi. Harufu ya ziwa. Mtu alikohoa nyuma ya kiti changu, akakohoa mwingine nyuma yake, na mwingine mbali zaidi. Nikasikia miguu mitupu ikikanyaga, chapa, chapa, chapa, wakijipanga. Sikugeuka. Kiongozi hageuki. Nilikaa nimenyooka, nikitabasamu, jasho likinitiririka.

Wa Hamidi wakaacha kuimba. Karani akaja kwangu na kidole chake tayari kuhesabu, kidole kikabaki hewani. Akasema hakuna.

Hakuna? Nikageuka. Hapakuwa na mtu, kweli. Palikuwa na nyayo. Nyayo mbichi za maji juu ya vumbi kavu, jozi nyuma ya jozi, vidole vyote vimeelekea kwangu, mpaka kwenye mibuni na ndani ya ukungu. Na kule mwisho zilikuwa bado zinaongezeka.

Nikasimama juu ya kiti. Nikadai mstari wangu uhesabiwe! Karani akasema sheria inahesabu vichwa, si nyayo. Nikamwambia hakuna unyayo usio na kichwa mahali fulani. Akasema nikilete.

Hapo Kokuberwa akatoka kwenye mstari wa Hamidi. Alivuka kiwanja peke yake, watu wote wakimtazama, akasimama nyuma ya kiti changu. Kisha akawageukia wale, akapiga magoti, akawaamkia polepole, mmoja mmoja, kwa adabu yote ya wageni waliofika msibani. Nikasikia pumzi ikishushwa, pumzi ya watu wengi.

Karani akatangaza: Mutalemwa, kura moja.

Hamidi alikuja kunipa mkono. Aliniuliza wale ni akina nani. Nikamwambia ni wapiga kura wangu. Akaniuliza nimewaahidi nini. Uchaguzi mzima, hii ni mara ya kwanza mtu kuniuliza sera zangu!

Jumatatu, 20 Aprili.

Jana nilimweleza Ishengoma msimamo wangu. Nilikielekea kile kiti kilicholowa, nikasema wazi: makubaliano yalikuwa mstari, mstari haukuhesabiwa, kwa hiyo hatudaiani. Hakujibu. Nilijibiwa tumboni. Limevimba hadi koti halifungi, na nikigeuka nasikia maji yakicheza ndani. Kulipokucha leo migomba yote ilikuwa imeinama upande mmoja, upande wa kaburi la baba. Sakafu inatoa maji chini ya kitanda. Mna visamaki.

Kokuberwa hakuniomba ruhusa. Kumbe jana alimpelekea Joviana habari, na leo mama wa watu akashuka kwenye basi na kifurushi chake. Hamidi naye akaja na jembe begani na sindano mfukoni. Alikaa chini akamshonea marehemu lubugo, ile nguo ya magome ya kuzikia, kwa mkono, mishono midogo midogo, pande zote mbili zikalingana. Kwa hiyo anaweza! Akasema hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kama diwani.

Nikachimba mimi, na tumbo lile! Kila nilipotoa jembe moja la udongo, tumbo likashuka kidogo. Kokuberwa alikata mgomba, uwe badala ya mwili usioonekana. Joviana akaupima kwa mikono yake, kwa sababu yeye ndiye anayejua urefu wa mwanawe, akasema punguza hapa. Tukauvika lubugo. Tukaulaza ubavuni mwa baba. Joviana aliweka juu ya udongo bakuli la ndizi na maharage, mvuke ukitoka, akasema sasa umefika, mwanangu, lala.

Nililia. Naandika bila aibu, nililia kuliko siku ya baba. Ishengoma alileta watu wake wote kama alivyosema, mimi nikamwacha na maji yake mwilini kwa ajili ya kiti.

Jioni nimekigusa kiti changu. Kikavu.

Ijumaa, 24 Aprili.

Nimebadilika. Nimemwambia Kokuberwa sitagombea tena kitu chochote, akaniwekea kipande kikubwa cha samaki. Tumbo limerudi mahali pake. Migomba imesimama. Nimeichoma kadi ya Umoja, sasa nina mifuko miwili na kadi moja. Siogopi hata kutoa leso.

Mchana nilipita dukani kwa Hamidi kumsalimia tu. Akanisomea habari zilizotoka Bukoba. Mwakani kuna baraza kubwa, la wilaya nzima, visiwa vyote ndani. Na hakutakuwa na mistari tena, maana karani yule ameandika barua ndefu ya kulalamika. Watu watatumbukiza karatasi ndani ya sanduku.

Karatasi! Karatasi haina kichwa! Karatasi ikiingia sandukuni inahesabiwa, hata kama imelowa!

Nilishuka ziwani kunawa miguu tu. Tunda la kahawa lilikuwa mfukoni kwa bahati. Ukungu ulikuwa umelala juu ya maji, na ndani yake mtumbwi umesimama bila nanga, watu wake wameketi kimya, wamelowa, hawatetemeki. Niliwafahamu kwa kukohoa. Nikawauliza kama wanaweza kutumbukiza karatasi. Mkubwa wao akaitikia kwa kichwa. Nikawaomba wajitahidi kujikausha kidogo siku ile.

Nilijiandaa kwa habari ya vibanja, maana wote hawawezi kuenea pale kwetu. Lakini hawataki kibanja! Sharti lao ni jepesi kuliko la Ishengoma. Wanasema tangu apate pa kulala, mtumbwi wao una kasia moja lisilo na mtu. Wanataka mtu wa kukaa pale. Mimi mwenyewe, kama sina neno.

Sina neno! Safari za bure visiwa vyote, mwaka mzima kabla ya uchaguzi, wakati Hamidi anatapika ufukoni! Tumechanjana pale pale. Watakuja kunichukua Jumatatu.

Nimerudi nikiimba. Kokuberwa akaona damu kwenye shati, akalifunua, akaona chale mpya kitovuni. Nikamweleza mambo yote, na faida zake. Hakunigombeza hata kidogo. Aliketi chini pale pale jikoni, kama Joviana alivyoketi. Kisha akanyanyuka akaenda kwa Hamidi kumwuliza kama kipande cha lubugo kimebaki.

Ndivyo alivyo mke wangu. Mimi nawaza uchaguzi, yeye anawaza nguo.